Kifyatulio cha Bunduki ya Kaka

9 Februari 1986

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba mgongo umepunguza kukusumbua. Sisi huku tupo. Mama bado anakohoa asubuhi, mchana anapata nafuu. Cherehani yangu nimeihamishia chumbani kwake, kwa sababu nyumba ya mume wangu sikai tena.

Dereva wa lori la mbao aliniambia alikufikishia habari mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo najua unajua. Mume wangu amefariki. Alipigwa risasi alfajiri, shambani, kwa bunduki ya kaka. Kaka yuko mahabusu, anashtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Sentensi hizi nimeziandika polisi, nikaziandika kwa wakili, na kila nikifika kwenye ile ya pili mkono unagoma.

Sikulaumu kwa kutokuja mazishini. Safari ya siku mbili kwa mtu wa umri wako si mchezo. Leo nakutafuta kama fundi.

Walitoka wawili kuvizia nguruwe mwitu waliokuwa wanatumalizia mahindi. Kaka anasema risasi haikuwa imeingia kwenye mtutu. Nguruwe walipotokea akasukuma bolti, lile komeo la chuma, mbele ili risasi iingie, akaikunja chini kuifunga, na palepale bunduki ikalia. Anaapa kidole chake hakikuwa kwenye kifyatulio. Mume wangu alikuwa amechutama mbele yake kidogo, upande wa kulia.

Wakwe zangu hawataki kuyasikia hayo. Siku nne kabla, hao wawili waligombana mbele ya watu kwenye mashine ya kusaga. Mume wangu alitaka kaka ahame kile chumba chetu cha uani, kaka akamwambia, "Siku moja utanitafuta." Kwangu ni maneno ya mtu aliyeudhika. Sasa yameandikwa kwenye karatasi za kesi.

Mimi sijui, Mjomba. Nimeolewa na mmoja, nimezaliwa tumbo moja na mwingine, na sijui. Bunduki yenyewe ni ile kaka aliyoinunua ikiwa imeshatumika, akakuletea mwaka juzi umtengenezee kifyatulio. Niambie jambo moja tu. Bunduki inaweza kulia bila kuvutwa?

Mpwa wako,
Sindano


27 Februari 1986

Sindano, mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Pole. Najua neno lenyewe dogo, ila sina kubwa kuliko hilo. Mwambie dada yangu anywe maji ya moto na aache ubishi.

Mimi naendelea. Karakana naifungua siku mbili kwa wiki, na kazi yenyewe ni kunoa visu na mapanga. Jirani yangu, muuguzi aliyestaafu, amepanda maua hadi mlangoni kwangu, sasa natoka ubavu ubavu.

Ulichouliza. Bunduki ni chuma. Ikiwa nzima, hailii bila kuvutwa. Ikiwa mbovu, hulia. Hiyo ya ndugu yako ilipita mikono mingi kabla yangu na pengine hata baada yangu. Siku hizi kila mwenye bisibisi ni fundi. Mwulize aliipeleka kwa nani tena.

Samahani kwa ufupi.

Mjomba wako


8 Machi 1986

Mjomba,

Shikamoo. Mama amecheka kidogo uliposema aache ubishi, kicheko cha kwanza tangu mwaka jana. Nashukuru. Mistari ya barua yako imepandana kama watu wanaogombea mlango mmoja, nikaisoma kwa kuigeuzageuza. Nadhani uliandika kwa haraka.

Nilimwuliza kaka Jumatano. Tunaongea kupitia wavu, na askari amekaa karibu anakata kucha.

Nikamwambia, "Mjomba anauliza bunduki uliipeleka kwa fundi gani mwingine."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Fundi gani? Mjomba alizipaka rangi zile skrubu, akaniambia nikizigusa nimejivunjia mwenyewe. Sikuzigusa."

"Iliwahi kulia hivyo kabla?"

Akamtupia askari jicho. Kisha akasema, "Mara mbili. Mara zote nilikuwa peke yangu, ikapiga chini. Nikamwandikia Mjomba."

"Lini?"

"Mwanzo wa Oktoba."

"Akakujibu nini?"

"Hakunijibu."

Mjomba, barua hiyo uliipata? Hukuitaja. Wakili anasema kama ipo, ni ushahidi kwamba kaka alilalamikia bunduki hata kabla ya ule ugomvi. Kama haipo, ni maneno tu ya mtu aliyekwama.

Kuna jingine sikukwambia mara ya kwanza. Binti yangu yuko kwa mama mkwe. Ana miaka sita. Mama mkwe alimchukua siku ya tatu ya msiba, akaniambia mtoto atarudi nikisimama mahakamani upande wa marehemu. Nikisimama upande wa muuaji, nimsahau. Alisema bila hasira, kama anayenipangia zamu ya kuchota maji. Naruhusiwa kumwona Jumapili, barazani, kwa muda wa saa moja. Jumapili iliyopita alikuwa amesukwa nywele kwa mtindo nisioujua, akaniamkia kama mgeni.

Kwa hiyo usinijibu kwa ufupi.

Sindano


2 Aprili 1986

Kwako Sindano,

Salamu nyingi kwako na kwa dada yangu. Mvua zimeanza huku, bati la karakana linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

Habari ya mtoto imenikosesha raha. Nitakueleza kifyatulio chote, wakili wako aelewe.

Ndugu yako alipoileta, bunduki ilikuwa na kifyatulio chake cha asili, cha kijeshi. Unavuta, kinakuja kwanza bila uzito, halafu kinagoma, halafu inabidi ukivute kama unang'oa mzizi. Wakati huo bunduki yote imeshatikisika na shabaha imekwenda. Alikuwa amekosa nguruwe watatu. Wa nne alimvunja mguu tu, akamfuata nusu siku kwenda kumpumzisha. Alikuja kwangu na aibu usoni. "Mjomba," akasema, "sitaki kuua mnyama vipande vipande."

Nikamtafutia kifyatulio kingine, nacho kilikuwa kimetumika, nikakitengeneza. Kina skrubu tatu. Moja ya uzito wa kuvuta. Moja ya kuzuia kisiende mbali kikishafyatua. Na moja, ya katikati, ndiyo yenye maisha ya watu. Ndani mna jino la chuma linaloshikilia pini isiruke mbele kupiga risasi, na skrubu hiyo ndiyo inayoamua jino lishike kwa kina gani. Likishika sana, kuvuta ni kuzito na kunakwaruza. Likishika kidogo mno, mtikisiko wowote unaliachia, hata ule wa kufunga bolti.

Nikimaliza huzifunga skrubu zote kwa rangi nyekundu ya kucha. Kama rangi imepasuka, kuna mtu amegusa baada yangu, na kesi imegeuka. Kaangalie. Angalia pia mkunjo wa kifyatulio na kama kina mistari ya kushikia kidole. Huenda hata kilibadilishwa.

Mjomba wako


20 Aprili 1986

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Nimepata kazi ya sare za shule, kwa hiyo nashona mpaka mabega yanakufa ganzi. Ni afadhali, mikono ikiwa na kazi kichwa hupoa.

Nilikwenda na wakili kwenye stoo ya vielelezo ya mahakama. Chumba kina dirisha moja lenye nondo, na rafu za mapanga, baiskeli na redio, kila kitu kimefungiwa kikaratasi kwa kamba. Karani aliitoa bunduki mikono miwili, akailaza juu ya gazeti. Nilidhani nitashindwa kuiangalia. Nikajiambia niiangalie kama nguo ya mteja, mshono kwa mshono.

Kifyatulio ni chembamba, kimekunjwa kama kulabu, hakina mistari, kimelainishwa hadi kinang'aa. Skrubu tatu zipo. Nimekuchorea kwa kipimo chake halisi kwenye karatasi ya kukatia nguo, na kwa mazoea nimepitisha kigurudumu cha meno kama ninavyohamisha ruwaza ya nguo kwenye kitambaa, ndiyo maana karatasi imetobokatoboka. Utanisamehe.

Rangi nyekundu ipo kwenye skrubu zote tatu, Mjomba. Haikupasuka. Nilimwomba karani kioo chake cha kusomea, nikaangalia tena. Nzima kabisa, kama kucha za bibi harusi.

Nilimwuliza wakili polisi walipima nini. Akasema mtaalamu wao alining'iniza mawe ya mizani kwenye kifyatulio, akaandika kwamba ni chepesi lakini kinafanya kazi. Nikauliza kama aligonga bolti. Wakili akapekua karatasi zote. Hakuna mahali palipoandikwa bolti.

Kesi itasikilizwa tarehe kumi na nne Julai. Unaweza kuja ukaieleza mahakama hayo uliyonieleza?

Mambo mawili mengine. Mwandiko wa barua yako ya mwisho si wako. Na kuhusu barua ya kaka bado hujasema ndiyo wala hapana.

Sindano


30 Mei 1986

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita zimepita. Nimekwenda posta kila Jumanne na Ijumaa, mpaka yule wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Kaka amekonda. Ameacha kuniuliza kama umejibu.

Wakwe wamenitumia mtu na karatasi iliyoandikwa tayari, nitie sahihi tu. Inasema nilimsikia kaka akitishia kumwua mume wangu. Sikumsikia. Sikutia sahihi, na Jumapili iliyofuata lango la mama mkwe lilikuwa limefungwa. Nilisimama nje na pipi mkononi mpaka zikaanza kunata. Nilimsikia mwanangu anacheka ndani.

Kama umeamua kutujibu kwa kimya, tuambie, tuache kungoja.

Sindano


10 Juni 1986

Sindano, mwanangu,

Nimepokea barua zako zote. Na mchoro nimeupata. Kifyatulio hicho ni changu. Mkunjo ule niliupinda mimi kwa nyundo ya shaba.

Kuja siwezi. Mgongo hauniruhusu kukaa ndani ya basi siku mbili. Wakili atafute fundi mwingine aliye karibu, amwonyeshe maelezo yangu, inatosha. Usiniulize zaidi. Nawaombea.

Mjomba wako

*Dada, samahani kwa kuingilia. Mimi ni jirani yake, muuguzi, ndiye ninayemsomea tangu Februari na kumwandikia tangu Aprili. Maneno haya naongeza mwenyewe, hajui. Mjomba wako haoni. Jicho moja limekwisha kabisa, la pili linaona mwanga wa dirisha tu. Mchoro wako aliusoma kwa vidole, kwenye vile vitobo. Aliupapasa asubuhi nzima, kisha akaenda kulala mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mgongo wake hauna tatizo lolote.*


19 Juni 1986

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Nakuomba umruhusu jirani yako akusomee barua hii mpaka mwisho, na usimgombeze. Aliniambia kwa sababu ana huruma, jambo ambalo ukoo wetu umepungukiwa nalo.

Najua huoni. Nimekaa na habari hiyo siku tatu, nashona huku naihesabia miezi. Jirani anasema anakusomea tangu Februari. Barua ya kaka ilikuja Oktoba. Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu yote ya mpwa kwa mjomba wake: Oktoba ni nani aliyekusomea?

Nadhani najua jibu. Nataka ulitoe wewe.

Mimi sina mume. Mtoto wangu yuko nyuma ya lango. Kaka akipatikana na hatia ya kukusudia hatatoka hai. Mama hataweza kumzika mkwewe na mwanawe ndani ya miaka miwili. Na katika dunia nzima anayeweza kusema bunduki ile ilitengenezwa vipi ni wewe peke yako. Siku nyingine mchana naanza kumwamini mama mkwe. Namwona kaka akilenga. Nikikutana naye wavuni naangalia kidole chake. Unaelewa unanifanya nini?

Kama ni aibu, yangu ni kubwa kuliko yako. Nawaomba wateja wangu nauli ili niende mahabusu, na wewe unaficha macho.

Sindano


1 Julai 1986

Sindano,

Jirani amenisomea. Alifika mwisho akavua miwani yake, akasema, "Sasa utasema au niondoke?" Nasema.

Macho yalianza miaka minne iliyopita, kama mvuke kwenye kioo. Nilijua. Sikumwambia mtu. Nani ataleta bunduki kwa fundi asiyeona? Nilianza kufanya kazi kwa vidole, na vidole vyangu ni vizuri, watu hawakugundua. Nami nikajiambia kwamba hakuna tofauti.

Tofauti ipo kwenye jino. Kingo mbili za chuma zinashikana kwa upana mdogo kuliko unene wa ukucha, na kazi hiyo hufanywa chini ya kioo cha kukuzia. Mimi kioo nilikiweka jichoni ili ndugu yako anione nimekiweka. Nililipiga tupa jino kwa kupapasa. Alitaka kifyatulio laini na mimi nilitaka anisifu.

Nilipomaliza niligonga bolti mara kumi, bila risasi, kama inavyotakiwa. Mara ya saba pini ikaruka yenyewe. Nikasema ni mafuta ya zamani yameganda. Nikasafisha, nikagonga kumi nyingine, haikuruka. Fundi mwenye akili angeifungua upya na kugonga mara mia. Ndugu yako alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi karibu na mlango, ananingoja. Nikapaka ile rangi nyekundu. Alivuta mara moja akasema, "Mjomba, hii inaitika kabla sijamaliza kuiita." Sifa hiyo niliishi nayo mwezi mzima.

Barua yake ililetwa Oktoba. Niliijua ni yake kwa sababu tarishi alilitaja jina la nyuma ya bahasha aliponikabidhi. Nikaiweka kwenye droo ya misasa. Nikasema nitaisoma siku macho yakitulia. Kumwomba jirani anisomee ilikuwa ni kumwambia. Basi nikaiacha. Mwezi wa kumi na moja dereva wa lori akaja, akasimama mlangoni, akaniambia. Alipoondoka nikavuta droo. Tangu siku hiyo naitoa, naipapasa, nairudisha. Haijafunguliwa mpaka leo. Sikuhitaji kuifungua kujua imesema nini.

Jirani ameishika juani. Anasema muhuri wa posta unasomeka vizuri, tarehe nne Oktoba, na gundi haijaachia popote. Anasema tusiifungue, ifunguliwe mbele ya jaji. Mwanamke huyu alikosea kazi, angekuwa wakili.

Jambo moja si langu, na nalisema kwa kuwa jaji ataliuliza. Mdomo wa bunduki ulielekea alipokuwa mtu. Ndugu yako nilimfundisha tangu ana miaka kumi na mitano kwamba mdomo hauelekezwi kwa mtu hata bunduki ikiwa imevunjwa vipande. Simtupii mzigo. Wangu unanitosha.

Tunapanda basi tarehe kumi na moja. Usije kunipokea.

Mjomba wako


29 Julai 1986

Mjomba,

Shikamoo. Najua mlifika salama, jirani amenitumia kadi. Uliondoka mahakamani bila kusema nami, na mimi sikukufuata. Kwa hiyo kuna mambo hukuyajua, nayo ni haki yako.

Ulipoingia umeshikwa mkono, watu walinong'ona. Kaka kizimbani alisimama nusu, kama anataka kukupisha kiti. Hakuwa anajua kuhusu macho. Sikuwa nimemwambia.

Mwendesha mashtaka alipokuuliza utaitambuaje bunduki na huoni, nilifumba macho yangu. Ukasema, "Mheshimiwa Jaji, hii ndiyo kazi yangu mbaya kuliko zote. Mkono hauwezi kuisahau." Na vidole vyako vikaenda moja kwa moja kwenye skrubu ya katikati. Yule mtaalamu wa polisi alipoambiwa agonge bolti mwenyewe, nilianza kuhesabu. Ulimsikia akigonga. Ile ya kumi na tisa, sauti ilikuwa mbili badala ya moja, bolti na pini. Chumba kizima kilisikia. Ya thelathini na tatu, tena. Hakuna kidole kilichokuwa karibu. Mtaalamu aliweka bunduki chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

Nikajua. Miezi minane sikujua, na katika kishindo kimoja kidogo nikajua kwamba kaka hakumwua mume wangu. Nililia mpaka wakili akanipa faili lake nijifunikie uso.

Wewe wakakutoa baada ya hapo, na mawakili wakabishana kuhusu bahasha hadi baada ya chakula cha mchana. Kwa hiyo hukuwapo ilipofunguliwa. Karani aliipasua kwa rula, akaisoma kwa sauti kavu, hii hapa kama nilivyoinakili:

"Mjomba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Huku tunaangaliana na nguruwe tu. Mjomba, bunduki imeachia mara mbili nikiwa nafunga bolti. Labda ni mimi sifungi vizuri, wewe ndiye fundi, unielekeze. Nimeiweka juu ya kabati mpaka unijibu. Shemeji ananicheka, anasema naogopa chuma, anasema nguruwe hawana subira ya kungoja posta. Na mimi namwambia nguruwe hawana mjomba fundi. Najua utajibu upesi."

Karani alipofika kwa nguruwe na posta, mama mkwe alitoa sauti kutoka benchi la nyuma. Si kilio hasa. Ni kwamba yale yalikuwa maneno ya mwanawe, kabisa, kwa namna yake ya kusema, na alikuwa hajamsikia tangu Novemba.

Hukumu ilitolewa jana. Kuua bila kukusudia. Jaji alisema alichosema mdomo wako: bunduki ilielekezwa alipokuwa mtu, na aliyeishika alijua ina kasoro. Miaka miwili, na miezi aliyokaa mahabusu inahesabiwa. Kaka alisema ni haki. Aliomba radhi kwa mama mkwe, na kwangu, akimtaja mume wangu kwa jina, mbele ya wote. Kuhusu wewe, jaji alisema karakana ifungwe na leseni irudishwe. Karatasi itakufikia.

Nje, kwenye ngazi, mama mkwe alikuja na binti yangu. Alimshika mkono mpaka karibu yangu kabisa, akauachia. "Mchukue," akasema. Akaongeza, "Mwambie kaka yako sijui kama nitaweza. Lakini namwamini." Kisha akaenda zake kwa miguu, ingawa gari la mwanawe mkubwa lilikuwa linamngoja.

Mjomba, mimi sijakusamehe. Nimejaribu nikiwa nashona, nimejaribu nikiwa naoga, haiji. Ungemwomba jirani dakika tano mwezi wa Oktoba. Nafika hapo kila siku, nakwama hapo. Sikuandikii ili kukupa moyo. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyekuja ukasema, na ungeweza kubaki na mgongo wako.

Hospitali ya hapa ina daktari wa macho anayepasua kila Alhamisi. Nilimwuliza. Anasema kwa maelezo ya jirani yako jicho la pili huenda likarudi, si lote, ila la kutosha kumtambua mtu aliye mbele yako. Nimekuandikisha tarehe ishirini na moja Agosti. Utalala chumbani kwa Mama, mimi na mtoto tutatandika sebuleni. Baada ya hapo Jumatano ni siku ya kutembelea gerezani, na kaka ameniambia anakungoja.

Fika siku moja kabla; basi linaingia saa kumi jioni. Nitakuwa kituoni, na binti yangu atakuwepo. Yeye anajua tu kwamba babu anayekuja haoni, na ameshasema ndiye atakayekushika mkono hadi nyumbani. Nimemwachia, maana mimi bado siwezi.

Mpwa wako,
Sindano